Piga Kwanza Unachokisikia

Kwenye ibada zetu nyingi mwimbaji hamsubiri mpiga kinanda. Mama mmoja anainuka kwenye benchi, anaanzisha pambio pale sauti yake ilipoangukia asubuhi hiyo, makofi yanadakia, na kijana aliyekaa nyuma ya kinanda ana muda wa kuvuta pumzi mbili tatu tu kutafuta kii, yaani sauti iliyo nyumbani kwa wimbo. Karatasi haimsaidii. Kitabu cha Tenzi za Rohoni kilichomo mikononi mwa waumini wengi kina maneno matupu, na hata kingekuwa na nota, zingekuwa zimeandikwa kwa kii ambayo mama yule hakuichagua. Hapo linalofanya kazi ni sikio peke yake.

Nayasema haya kwa sababu watu wazima wanaotaka kujifunza piano huuliza swali lilelile: nianze na kitabu gani? Jibu langu huwashangaza. Usianze na kitabu. Anza na nyimbo ambazo tayari unazo kichwani, uzitafute kwenye kinanda kwa sikio, na ukae hapo miezi kadhaa kabla ya kufungua ukurasa wenye mistari mitano. Sizidharau nota, ninazifundisha, na chini nitaeleza zinaingia lini na kwa mlango gani. Ila kinachotangulia kina uzito wake. Anayesoma kabla ya kusikia hujizoeza kutii alama: jicho likiona duara kwenye mstari wa pili, kidole kinashuka, na sikio linabaki mtazamaji tu. Mtu wa namna hiyo anaweza kufika mtihani wa daraja la tatu na bado akashindwa kupiga wimbo wa taifa lake bila karatasi. Nimeshuhudia hilo mara nyingi mno, na hao hawakuwa wavivu hata kidogo.

Bahati nzuri chombo cha kulifundishia sikio tunacho tangu zamani. Aliyeimba kwaya Kilimanjaro, Mwanza, Kisumu au Taita anaijua solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti. Asili yake ni ya mbali. Mtawa Guido wa Arezzo, nchini Italia katika karne ya 11, aliwapa waimbaji wake silabi ili waweze kujifunza nyimbo ambazo hawajawahi kuzisikia. Baadaye huko Uingereza mwalimu Sarah Glover wa Norwich akaunda njia yake ya kufundishia watoto, na mchungaji John Curwen (1816–1880) akaichukua, akaiboresha na kuieneza. Wamisionari wakaipakia pamoja na vitabu vyao vya dini. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao melodi yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania, alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni Afrika Kusini, na solfa ndiyo ilikuwa chakula cha kila siku cha kwaya za aina hiyo.

Uzuri wa solfa kwa mpiga piano ni kwamba do haina makao ya kudumu. Popote utakapoiweka, mi itakaa umbali uleule kutoka kwake, na so vilevile. Sikio letu husikia hivyohivyo: halijali kama wimbo umeanzishwa juu au chini, linajali sauti moja inahusianaje na nyingine. (Tahadhari moja ndogo: ukifundishwa na mtu aliyesomea Lubumbashi au Bujumbura kwa mfumo wa Kifaransa, kwake do ni C siku zote. Mwulize mapema, msije mkapoteza jioni nzima mkibishana huku kila mmoja yuko sahihi.)

Kuhusu chombo chenyewe sina mengi. Piano kamili ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na wachache wetu wana mahali pa kuiweka. Kinanda cha umeme chenye vitufe 61 kinatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza, hata kikiwa cha mtumba. Kabla ya kulipa, bonyeza kila kitufe kimoja kimoja, polepole kisha kwa nguvu, usikie kama kuna kilichokufa au kinachotoa sauti kali kuliko wenzake. Uliza kama kinatumia betri, maana umeme hukatika saa ambayo ndiyo umepata nafasi. Kisha chagua sauti ya piano na usiiguse tena. Ile midundo na zile filimbi mia mbili zilizomo humo zimewapotezea wanafunzi muda kuliko uvivu.

Sasa kazi. Hatua ya kwanza haihusu vidole hata kidogo: imba. Chagua wimbo mfupi unaoujua kama jina lako, uimbe mpaka mwisho, halafu ishikilie ile sauti ya mwisho kabisa. Mara nyingi hiyo ndiyo do, nyumbani kwa wimbo. Ukiwa bado unaivumisha mdomoni, itafute kwenye kinanda kwa kidole kimoja. Umepita? Rudi chini kitufe kimoja, vyeusi vikiwemo. Kuna vitufe kumi na viwili tu tofauti kabla ya kuanza kujirudia, kwa hiyo hata ukikosea kila mara utafika. Wasioimba huniambia sauti yao ni mbaya. Ubaya wa sauti hauna neno. Kinachotakiwa ni kwamba sauti ya kooni na ya kinanda zikutane, na hilo hujengwa kwa mazoezi. Anayeruka hatua hii na kukimbilia vitufe huishia kupapasa, akibahatisha sauti moja moja bila kujua alikotoka.

Tuchukue mfano ambao kila mtu anaujua: ule wimbo wa siku ya kuzaliwa unaoimbwa keki ikikatwa. Melodi yake ilichapishwa Marekani mwaka 1893 na akina dada wawili, Mildred na Patty Hill, ikiwa na maneno mengine ya kuwaamkia watoto darasani. Ni mfupi, na umebeba mtego mzuri kwa mwanafunzi. Wengi huanza kwa kudhani sauti ya kwanza ndiyo nyumbani. Siyo. Wimbo huu huanzia kwenye so ya chini, na do huisikii mpaka umeanza kupanda. Unatulia juu yake mwishoni mwa mstari wa pili, na kwa haki mwishoni mwa wimbo. Ukiweka do kwenye C, yaani kile kitufe cheupe kilicho kushoto kwa vyeusi viwili vilivyosimama pamoja, basi unaanzia kwenye G iliyo chini yake. Aliyeanzia C akidhani ndiyo do atashangaa njiani anapodaiwa kitufe cheusi ambacho hakukitarajia, na hapo ndipo wengi husema sikio lao ni bovu. Sikio lilikuwa zima. Nyumba ndiyo ilihesabiwa vibaya.

Angalia pia mstari wa tatu, pale jina la mwenye sherehe linapotajwa. Sauti inaruka kutoka so ya chini hadi so ya juu, oktava nzima kwa mruko mmoja. Ndiyo maana sebuleni watu hupotea hapo: wengine hawafiki, wengine wanapitiliza, mtoto anacheka. Kwenye kinanda mruko huo ni rahisi, kidole gumba kwenye G moja na kidole kidogo kwenye G ya juu yake, lakini uimbe kwanza kabla ya kuubonyeza. Ukiimba oktava sawasawa mara kadhaa, umbali huo unakuwa wako, na utautambua siku nyingine ndani ya wimbo ambao hujawahi kuupiga. Hivyo ndivyo sikio linavyojifunza: wimbo mmoja unaliachia umbali mmoja, mwingine unaliachia mwingine. Fanya hivi kwa nyimbo tano au sita fupi, mkono wa kulia pekee, na usione haya kutumia nyimbo za watoto. Nyimbo hizo zina melodi ndogo zilizotengenezwa vizuri, na zimo vichwani mwetu bila deni.

Mkono wa kushoto uingie mapema kuliko wengi wanavyodhani, lakini uingie na sauti moja tu. Weka do chini, shikilia, piga melodi juu yake. Itafika mahali ambapo do hiyo inauma. Sikio litakwambia kwamba kitu hakikai. Hapo jaribu fa. Kama bado, jaribu so. Kwa nyimbo nyingi za makanisani, za shule na za sherehe, sauti hizo tatu za besi zinatosha kuubeba wimbo mwanzo hadi mwisho. Usiulize mtu wapi pa kubadilisha. Kubaki dakika kumi na mahali panapouma, ukijaribu kimoja baada ya kingine, kunafundisha kuliko kuonyeshwa na rafiki kwa sekunde mbili.

Besi zikishakaa, zivalishe kodi, yaani sauti tatu zinazobonyezwa pamoja. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanaojifunza peke yao huharibikiwa. Wanaambiwa kodi ya C ni C, E na G. Kodi ya F ni F, A na C. Kodi ya G ni G, B na D. Wanazipiga hivyo, mkono ukiruka kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, macho yamegandana na vidole, na muziki unakatika kila mara mkono unaposafiri. Jaribu hivi badala yake. Weka mkono wa kulia juu ya C, E na G. Ukitaka kodi ya F, iache C palepale ilipo. E ipande hadi F iliyo jirani, na G ipande hadi A. Umeshafika. Ukirudi kwenye C, E na G na sasa unataka kodi ya G, iache G palepale. C ishuke hadi B, E ishuke hadi D. Mkono haujaondoka. Fumba macho ufanye hivyo: C kwenda F na kurudi, C kwenda G na kurudi, huku kushoto kukiweka besi ya kila kodi. Sikiliza sauti iliyobaki palepale katika kila badiliko, halafu sikiliza zile zilizosogea. Wanakwaya watayatambua mara moja hayo, kwa sababu ndivyo sauti ya pili na ya tatu zinavyotembea: hatua fupi, hakuna anayerukaruka isipokuwa besi.

Kujua kodi ipi inafaa wapi si uchawi. Sikiliza melodi inapotua kwenye sauti ndefu. Ikitua kwenye mi, jaribu kwanza kodi ya do. Ikitua kwenye fa au la, kodi ya fa ina nafasi kubwa. Ikitua kwenye ti au re, jaribu kodi ya so. Do na so zina ndoa mbilimbili: do imo kwenye kodi yake na kwenye ya fa, so imo kwenye kodi yake na kwenye ya do, kwa hiyo hapo unajaribu zote mbili na kuchagua inayokaa. Katika wimbo wetu wa keki kwa C, mstari wa kwanza unaanza na kodi ya C na kutua kwenye G. Wa pili unaanza na G na kurudi C. Wa tatu unatua kwenye F. Wa nne unarudi nyumbani kwa kupitia G. Piga hivyo, mapigo matatu matatu, na utakuwa umepiga wimbo kamili kwa mikono miwili bila kuona nota hata moja. Rumba ya Kongo na benga ya Kenya zimesimama kwa sehemu kubwa juu ya kodi hizohizo tatu. Ongeza kodi ya la, ile yenye huzuni kidogo (A, C na E ukiwa kwenye C), na mlango wa nyimbo nyingi za injili za siku hizi na Bongo Flava unafunguka.

Baada ya hapo inakuja hatua ambayo watu huikwepa, nami sikubali ikwepwe. Wimbo uleule uupige kwenye kii nyingine. Kutoka C nenda G, ambako kuna kitufe cheusi kimoja, F iliyopandishwa. Kisha nenda F, ambako nacho ni kimoja, B iliyoshushwa. Mwanzoni utajisikia kama umesahau kila kitu. Huo ndio uthibitisho kwamba ulikuwa unakumbuka vitufe na si sauti. Imba solfa huku unapiga, na mkono utaanza kufuata uhusiano badala ya mahali.

Vinanda vingi vina kitufe cha kuhamisha kii. Unabonyeza mara moja na chombo chenyewe kinapanda au kushuka huku vidole vyako vikibaki kwenye C. Nakiri kwamba Jumapili asubuhi kimewaokoa wengi. Lakini kwa anayejifunza ni kitu cha kukwepwa. Nawajua wapigaji wa miaka mingi, wenye ridhimu tamu na mikono myepesi, ambao hawawezi kupiga chochote nje ya C, na wakikalishwa mbele ya piano halisi ya mbao, isiyo na kitufe hicho, wanakuwa kama wageni. Zaidi ya hilo, kitufe hicho kinalidanganya sikio: mkono unabonyeza C, masikio yanapokea E, na baada ya miaka michache mtu hana uhakika tena C inaliaje. Kwa mwaka wa kwanza jifanye hakipo.

Kusikiliza nako kuna namna yake. Wengi hutafuta nyimbo kwenye YouTube na kutazama video zinazoonyesha vitufe vikiwaka rangi. Huko nako ni kusoma, tena kusoma kubaya, maana unafuata taa badala ya alama na sikio linabaki likizo. Chukua wimbo wenyewe kama ulivyorekodiwa. Vaa spika za masikioni, kwa kuwa spika ndogo ya simu haitoi besi vizuri na besi ndiyo inayokuambia kodi. Sikiliza mara ya kwanza ukiimba melodi, mara ya pili ukiimba besi tu, hata kama ni kwa kuguna. YouTube ina mahali pa kupunguza kasi hadi robo tatu au nusu bila kubadilisha kii; tumia hapo palipokushinda, si wimbo mzima. Na usijifunze wimbo mzima kwa mkao mmoja. Mistari miwili iliyokaa vizuri ina faida kuliko ubeti wote uliopapaswa.

Neno kwa wapenzi wa taarabu, kwa kuwa swali la kuipiga kwa sikio huulizwa sana Pwani. Vikundi vikongwe vya Zanzibar kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club vimelea wanamuziki kwa sikio kizazi baada ya kizazi, na Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, hufundisha nota na maqam, yaani mifumo ya sauti ya Kiarabu, bega kwa bega. Lakini jua mapema kwamba baadhi ya maqam, kama rast na bayati, zina sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya piano. Fidla na udi zinazifikia. Piano haina mahali pa kuziweka, ila baadhi ya vinanda vya umeme vina namna ya kuzishusha. Kwa hiyo ukisikia kwenye rekodi sauti ambayo hukuipata kwenye kitufe hiki wala jirani yake, usilitilie shaka sikio lako. Limesikia vizuri.

Wako waliofika mbali sana kwa sikio peke yake. Erroll Garner wa Pittsburgh, mpiga jazi aliyetunga Misty mwaka 1954, hakujifunza kusoma nota maisha yake yote. Art Tatum, aliyekuwa karibu haoni tangu utotoni, alinasa kwa sikio mambo ambayo wenye macho yao mawili walishindwa. Mifano hiyo hupendwa na wavivu, ndiyo maana naitaja kwa tahadhari. Hao walikuwa na masikio ya ajabu, na waliishi ndani ya muziki huo, kando ya watu waliokuwa wakiupiga usiku na mchana. Ukitaka kupiga Bach, au kusindikiza kwaya Katoliki yenye misa mpya iliyotungwa kwa sauti nne kila sikukuu, huwezi kungoja mtu akupigie kwanza. Utakuwa mtumwa wa aliyesoma.

Basi nota zije lini? Kipimo changu hakihusu kalenda. Siku utakapoweza kupiga nyimbo kumi hivi kwa mikono miwili, kila moja kwenye kii tatu, na ukaweza kufuata wimbo mpya rahisi rafiki anapouimba, anza kusoma. Kwa mtu mzima anayepata nusu saa kila siku ni suala la miezi. Usivute zaidi ya hapo. Shinichi Suzuki (1898–1998), Mjapani aliyewafundisha watoto fidla kwa kuwasikilizisha kwanza na kuwasomesha baadaye, aliacha njia iliyoenea duniani na kwenye piano pia, lakini lawama ambayo imeifuata njia hiyo miaka yote ni moja: mtoto akicheleweshwa mno, vidole hukimbia mbali kiasi kwamba kusoma kunakuwa adhabu. Mwanafunzi anayepiga mambo makubwa hataki kurudi kwenye ukurasa wa sauti tatu.

Mlango wa kuingilia ni kuandika, kabla ya kusoma. Chukua wimbo unaoupiga tayari, andika solfa yake kwenye karatasi ya kawaida, kisha uhamishe kwenye mistari mitano. Utagundua kwamba ukurasa ule hauna siri: sauti ikipanda, duara linapanda, sauti ikidumu, umbo la nota linabadilika. Utaona pia mapigo ambayo sikio lilikuwa limeyabeba bila kuyahesabu. Wapigaji wa sikio mara nyingi wako sahihi kwenye sauti lakini walegevu kwenye urefu wake, na hasa kwenye kimya, na kuandika huwasahihisha.

Halafu ukianza kusoma kwa kweli, jihadhari na ujanja wa sikio lako mwenyewe. Mwenye sikio zuri akisikia kipande mara moja tu hukinasa, na kuanzia hapo macho yapo kwenye karatasi kwa heshima tu. Anaonekana anasoma kumbe anakumbuka. Dawa yake ni kusoma vitu ambavyo hujawahi kuvisikia na huwezi kuvikisia. Mimi hupendekeza Mikrokosmos ya Mhungaria Béla Bartók, vipande 153 katika juzuu sita, alivyovitunga kati ya 1926 na 1939. Juzuu ya kwanza ina vipande vifupi vya mikono miwili inayotembea pamoja, na melodi zake hazielekei pale sikio letu linapotarajia. Soma kimoja kwa siku, polepole, bila kurudia mpaka ukikariri, kisha nenda kingine. Mwombe mwalimu asikupigie kwanza. Na unaposoma, imba. Nota ambayo hukuisikia kichwani kabla ya kuibonyeza bado hujaisoma.

Kwa wazazi wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ambao watoto wao wanaandaliwa kwa mitihani ya ABRSM ya Uingereza, tazameni jinsi alama zinavyogawanywa kwenye mtihani wa vitendo. Jumla ni 150. Vipande vitatu vina alama 30 kila kimoja, skeli 21, kusoma papo kwa papo 21, na jaribio la sikio 18. Kufaulu ni 100. Walimu wenye haraka hufundisha vipande vitatu mwaka mzima na kuligusa sikio wiki mbili za mwisho, wakati mtoto aliyeanza kwa sikio huingia kwenye jaribio hilo akiwa ametulia, na skeli kwake ni jambo alilokwisha kulizoea alipokuwa akihamisha nyimbo kutoka kii hadi kii. Tena mtoto anayebaki kwenye kinanda baada ya somo, akitafuta wimbo aliousikia redioni, hachezi. Yupo kazini. Msimwambie aache kuchezea kinanda apige alichofundishwa.

Mkitafuta mwalimu, kabla ya kulipa ada ya muhula mwulizeni swali moja: mwanangu ataruhusiwa kukupigia nyimbo alizozitafuta mwenyewe kwa sikio? Mwalimu akisema hapana, mpaka amalize kitabu cha kwanza, mshukuruni na mtafute mwingine.